Pua Mbili

Machi 1

Mvua imeanza, na harufu zote zilizokuwa zimelala zimeamka. Mtaro wa nyuma ya kiwanda umefurika. Kuna paka amefia chini ya ngazi za stoo. Nimewaambia tangu asubuhi, wananicheka. Jioni wakamtoa. Kwani hii si ndiyo kazi yangu? Wenzangu wameajiriwa kwa mikono yao, mimi kwa pua. Hapa kiwandani hawaniiti jina, wananiita Pua, na wanasema uso wangu ni wa mtu aliyekanyaga kitu.

Leo Meneja kaniita. Wanunuzi wapya wa makopo yetu ya samaki wanasema Kihispania, na mwishoni mwa Aprili watamleta mkaguzi wao. Anataka mtu wa chumba cha kunusia aweze kuzungumza naye. Chumbani tuko wawili tu, mimi na Mjomba. Mjomba kakataa, kasema kichwa chake kimejaa. Basi nimeandikishwa mimi, kila Jumatano na Jumamosi. Nina miaka arobaini na mbili, narudishwa darasani kama mtoto aliyefeli.

Machi 5

Darasa liko juu ya duka la chakula cha kuku. Pumba zimeingia unyevu, joto lake linapanda ngazi pamoja nasi. Ukutani ukungu umechora ramani. Mwalimu ni mzee mnene aliyewahi kupika melini, na kila neno la Kihispania linamtoka na chenga ya karanga. Chenga moja imetua kwenye mkono wangu. Nimejifuta mara tatu.

Machi 12

Mvua. Soksi zimelowa. Nimejifunza kuhesabu hadi mia. Mwalimu kapiga chafya juu ya daftari langu.

Machi 15

Mwalimu kaniuliza nafanya kazi gani. Nikamwambia nanusa samaki. Alicheka hadi karanga zikampalia. "Basi wewe una kitenzi chako, dada!"

Akaandika ubaoni: oler. Ndiyo kunusa. Chini yake akaandika: huele. Nikauliza, na hiki nini tena? Akasema ni kile kile. Eti ile o ya mwanzo ikisemewa mimi, wewe, yeye au wao inageuka na kuwa hue: huelo, hueles, huele, huelen. Ukifika kwenye sisi inarudi ilivyokuwa, olemos, kana kwamba hakuna kilichotokea. Na hiyo h haitamkwi. Sasa imewekwa ya nini? "Pambo," akasema.

Lakini si hilo lililonichefua. Huele kwao ni kila kitu. Ua, huele. Choo, huele. Mtu aliyeinamia sufuria, naye huele. Ukimwambia rafiki yako hebu nusa hapa, huele hiyo hiyo. Sisi tuna kunusa, kunuka na kunukia, kila kimoja na heshima yake. Anayenuka na anayenukia utawalaza kitanda kimoja? Mwalimu akasema wenyewe wanaongeza neno: bien kama ni nzuri, mal kama ni mbaya. Nikasema kwa hiyo mtu asubiri mpaka mwisho wa sentensi ndipo ajue asogee au akimbie. Darasa zima likacheka. Mimi sikuwa natania.

Machi 22

Leo huele a, yaani ina harufu ya kitu fulani. Huele a pescado, ina harufu ya samaki. Hiyo sikuhitaji kufundishwa mara mbili, ndiyo nguo zangu, ndiyo nywele zangu. Meneja kanipa fomu ya mkaguzi na humo mna mstari mzima umeandikwa Huele a, kisha nukta za kujazia.

Halafu kuna me huele. Hiyo ni pale unapohisi hapa pana namna, jambo haliko sawa. Mwalimu kasema hiyo hainuswi kwa pua.

Akawa anatuonyesha picha tuseme bien au mal. Maua, soksi, mkate, jalala. Zamu yangu ilipofika akanizuia. "Wewe usiseme. Tumeshakusoma usoni." Wakacheka tena, hasa yule binti wa benki anayejipulizia manukato mpaka unaweza kuyatafuna. Ni kweli, uso wangu hauna siri. Mama husema nilizaliwa nimekunja pua.

Machi 27

Leo nimemjibu Mjomba vibaya na roho inanisuta, kwa hiyo niandike.

Mjomba ni mdogo wake Mama. Baba alipofariki, yeye ndiye aliyenilea, na miaka kumi na saba iliyopita ndiye aliyenishika mkono akaniingiza chumba cha kunusia. Kila ninachokijua kanifundisha yeye. Siku ya kazi usiguse sabuni yenye manukato. Asubuhi usile kitunguu. Samaki aliyetoka kwenye barafu mpashe kiganjani kwanza, maana baridi inaficha uvundo. Na sheria kubwa ya chumba: watu wawili, visahani viwili vya bechi moja, yaani shehena moja ya samaki. Kila mtu ananusa chake, anaandika namba kwenye kadi, anailaza kifudifudi. Tano ni samaki wa leo, moja ni wa kuzika. Mbili kushuka chini, bechi nzima inatupwa. Hakuna kufungua mdomo mpaka kadi zote zifunuliwe, ili pua ya mmoja isimwibie mwenziwe.

Miaka miwili sasa kadi zetu hazijawahi kutofautiana. Meneja anatutembeza kwa wageni, "Pua mbili, kichwa kimoja!" Leo nilishaandika na Mjomba bado kalamu iko hewani, kanitolea macho. Nikamwambia, "Mjomba, samaki yuko kwenye kisahani, hayuko usoni kwangu." Akainama. "Uzee, mwanangu. Nanusa polepole siku hizi." Nilijisikia vibaya. Mwezi wa sita anastaafu, baada ya miaka thelathini na moja. Mama ameshashona nguo ya sherehe.

Aprili 3

Mafua. Nimechukua matone ya pua. Yamefungua njia, sauti iko sawa, lakini harufu hakuna. Nimenusa chupa ya siki kama nanusa maji.

Aprili 4

Sheria inasema mwenye mafua hakanyagi chumba cha kunusia, anakwenda kubandika lebo mpaka apone. Chumba cha lebo kina mvuke wa gundi na redio moja inayokoroma. Sikutaka. Tena mkaguzi yuko njiani, na sikutaka Meneja aone nimelegea. Nikanyamaza.

Ilikuwa bechi ya 31. Nikampasha samaki kiganjani, nikanusa, patupu. Nikakaza uso nisionekane. Nikajiambia Mjomba yupo, yeye ndiye pua ya kiwanda hiki, mimi nimeazima tu. Nikaandika nne. Tukafunua: nne, nne. Nikamshukuru Mungu nikatoka.

Aprili 9

Jumamosi kila mtu alete kitu cha kunuswa darasani, awafumbe wenzake macho, waseme huele a nini. Pua yangu imerudi. Nimejua kwa sababu ya kwapa la kondakta.

Aprili 12

Niandike yote na nisijihurumie.

Kila bechi huwekewa makopo sita ya akiba kwenye rafu. Nilichukua moja la 31 kwa ajili ya darasa, kwa sababu ni nne, ni samaki mzuri, nikitaka kuwaonyesha watu wa manukato harufu safi ya bahari inavyokuwa. Binti wa benki alileta sabuni. Kijana wa posta alileta kahawa. Ikaja zamu yangu. Wakafumba macho, nikatoboa kopo.

Ilitoka. Sijui niiiteje. Mchuzi wa nyanya ulijaribu kuifunika ukashindwa. Ni harufu ya samaki aliyeoza kwanza kisha akapikwa, tamu kidogo, na utamu huo ndio unaopandisha matumbo. Binti wa benki alikimbilia dirishani. Mwalimu, mtu aliyepika melini miaka ishirini, aliweka karanga zake chini. "Huele que apesta," akasema taratibu, na hakunitafsiria. Hakukuwa na haja.

"Dada, hili mmeshaliuza?"

"Bado. Liko stoo."

"Watu watalila?"

Nililifunga kopo kwenye mifuko mitatu nikaliteremsha, na chini hata kuku wa mwenye duka waliondoka mlangoni.

Nimekaa hapa mezani nimejinusa vidole mpaka pua imewaka. Mimi nilikuwa na mafua. Ni kosa langu, linanichukiza, nalikubali. Lakini Mjomba hakuwa na mafua. Mjomba alipata wapi nne?

Aprili 14

Nimemjaribu. Mungu anisamehe.

Bechi ya 32 ilikuwa nzuri ajabu, samaki macho maangavu, kama kavuliwa na mimi mwenyewe. Nikanusa, nikakunja uso kama nimeonja nyongo, nikaandika tano. Tukafunua. Mimi tano. Mjomba mbili.

Tukatazamana. Akasema, "Pengine kisahani changu kina kasoro." Nikakichukua kisahani chake nikakinusa. Hakikuwa na kasoro yoyote. Nikamwandikia kadi nyingine kwa mkono wangu, tano.

Miaka miwili! Sheria ya kufunga midomo tumeilinda kama amana, na muda wote alikuwa ananinusa mimi.

Aprili 15

Tulikaa kwenye benchi la viatu vya mpira, mvua inapiga bati, tukalazimika kusemezana kwa sauti kama wagomvi.

"Tangu lini, Mjomba?"

Hakujifanya haelewi, hapo nampa haki yake. "Tangu ile homa. Mwaka juzi. Niliamka sisikii kitu. Nikasema itarudi."

"Na haikurudi."

"Haikurudi. Chai, sabuni, moshi, vyote maji matupu." Akajaribu kucheka. "Una uso mzuri, mwanangu. Haujawahi kunidanganya."

"Tarehe nne nilikuwa na mafua. Sikusikia chochote. Bechi ya 31 imeoza, Mjomba. Nimeifungua."

Nilidhani atasema tutafanyaje, au maskini watu wa Mungu. Akasema, "Nimebakiza wiki kumi."

Hilo ndilo lililomtoa rohoni mwangu. Mtu niliyekuwa namwona mkubwa kuliko mlango, anahesabu wiki zake juu ya kopo la uozo. Nikampa mpaka Ijumaa aende mwenyewe kwa Meneja, aseme la kwake, na mimi nitasema la kwangu. Akanishika bega. Nilimwachia bega, lakini ngozi ilinisisimka.

Aprili 16

Sikwenda darasani. Nimempigia Mama, nikitaka anifariji.

Nilipotaja pua ya Mjomba, akauliza, "Kwani kakwambia?"

"Kumbe ulijua?"

"Mimi dada yake nisijue? Anakuja kwangu natia chumvi mara tatu ndipo aone ladha." Kisha akashusha sauti. "Mwanangu, pua ni yako, kazi inakwenda, tatizo liko wapi? Mfunike mjomba wako. Yeye alikufunika ulipokuwa huna hata kandambili."

Nikamweleza kuhusu kopo. Akasema hao wanunuzi wako mbali, hatuwajui. Nilikata simu. Sijawahi kumkatia Mama simu maishani mwangu. Kule mbali nako kuna mtu anafungua kopo, anampakulia mtoto.

Aprili 18

Ijumaa yenyewe. Meneja kaniita kabla sijavaa koti. Mjomba alikuwa ameketi kwenye kiti cha wageni, magoti pamoja, anatazama zulia.

"Ni kweli ulikuwa na mafua tarehe nne ukaingia kunusa?" Meneja akauliza.

"Kweli."

"Na bechi ya 31 uliipa nne bila kusikia kitu?"

"Kweli. Lakini Mjomba naye..."

"Mjomba wako ndiye aliyekuja kusema. Anasema alikuamini akafuata namba yako kwa mapenzi ya mzazi, na hilo ni kosa lake, kaomba radhi. Damu yake mwenyewe, lakini kasema ukweli. Wangapi wangefanya hivyo?"

Nilimtazama Mjomba. Hakuinua kichwa. Alikuwa amechukua ukweli wangu akautumia kufunika wake, na kila neno aliloligusa lilikuwa kweli, ndiyo maana sikupata pa kulishika. Ningesema hana pua, ningeonekana nalipa kisasi. Asante ya punda ni mateke, wanasema, lakini sasa sijui kati yetu punda ni nani.

Bechi ya 31 imewekewa utepe mwekundu, haitoki stoo. Hilo angalau. Mimi nimehamishiwa lebo, na Mjomba atanusa peke yake mpaka mkaguzi apite. Darasa naendelea nalo, kwa sababu mkaguzi anakuja na hakuna mwingine.

Nilipofika nyumbani nilitapika. Sikuwa nimekula.

Aprili 19

Darasani nimeulizwa sentensi yenye me huele. Nimesema sina.

Aprili 21

Lebo. Gundi. Redio. Bechi ya 33 imepita mbele ya mlango kwenye toroli na nywele zimenisimama. Nikamuuliza wa toroli, namba ngapi? "Tano! Mzee siku hizi anatoa tano tu." Nikamwambia arudishe. Akacheka, "Pua, wewe sasa ni wa lebo."

Nikaenda kwa Meneja nikamwambia 33 inanuka na Mjomba hasikii harufu. Nilisema hivyo hivyo, bila kupamba. Akanitazama kwa huruma, na huruma ile ilinikera kuliko tusi. "Uchungu nauelewa," akasema. "Subiri Alhamisi ya mkaguzi ipite."

Aprili 22

Bechi ya 34, tano. Mvua haijakatika siku ya nne. Viatu vyangu vimeota ukungu wa kijani na hata wenyewe nimeuhurumia, yaani ukungu.

Aprili 24

Mkaguzi ni mama mfupi mwenye koti la mvua la manjano. Alitembea stoo, akagusa mashine, akauliza maswali machache. Nilimtafsiria nilichoweza. Kihispania changu kinachechemea, lakini alikuwa mvumilivu. Kisha akasema anataka kuona pua inavyofanya kazi.

Meneja akasema mimi ningoje nje, mzee anatosha. Mjomba ndiye aliyekataa. "Hapana, aingie. Nitamhitaji kwa lugha." Akanitazama mara ya kwanza tangu Ijumaa, macho yamelowa, yananiomba. Meneja akaona ni upendo wa kifamilia. Mimi nilijua anachokihitaji si lugha.

Mkaguzi alipanga visahani vitatu. Alikuwa kavichukua mwenyewe, kimoja kimoja, bila kutuambia kutoka wapi. Nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka mezani, na cha katikati nilikisikia tokea hapo. Ilikuwa 33. Nilibana mashavu kwa ndani mpaka nikaonja damu.

Mjomba akakiinua hicho hicho cha katikati. Akampasha samaki kiganjani, kwa utaratibu, vidole vile vile vilivyonifundisha. Akainama akavuta pumzi ndefu, nzuri, kama mtu aliye kazini kweli. Kisha akainua macho kunitafuta.

"¿A qué huele?" mkaguzi akauliza.

Ilibidi nitafsiri. Ningesema kinanuka nini, angejua. Ningesema kinanukia nini, angedhani amejua, kumbe kinyume. Nikasema, "Anauliza, harufu gani."

Halafu nikageuka. Nikawapa mgongo wote watatu, nikautazama ukuta. Ni ukuta wa vigae vyeupe, kimoja kina ufa. Nilikuwa nachukia kila kitu ndani ya chumba kile: samaki, mkaguzi, Meneja na suti yake, Mjomba, na zaidi ya wote huyu mwanamke anayemwacha aliyemlea azame huku kakodolea macho kigae.

Mvua juu ya bati.

"Mwanangu," Mjomba akasema. "Nigeukie."

Sikugeuka.

"Nigeukie kidogo tu."

Mkaguzi akaniuliza mzee anasema nini. Lakini Meneja hakuhitaji mkalimani. Nilisikia viatu vyake vikisogea, nikasikia pumzi yake ikibadilika, nikajua amekumbuka niliyomwambia Jumatatu.

"Mzee," Meneja akasema, kwa upole kabisa. "Kisahani hicho ni namba ngapi?"

Kisahani kikagonga meza.

"Sijui," Mjomba akasema. "Sijui, bwana. Miaka miwili sijui."

Aprili 26

Mwalimu kauliza mkaguzi alisemaje. Nimemwambia atarudi Agosti. Akanipa karanga. Nimekula.

Aprili 30

Bechi ya 33 imefukiwa. 34 nimeifungua mwenyewe, ilikuwa nzima. Nimerudishwa chumba cha kunusia kwa onyo la maandishi, na nimepewa msichana wa kufundisha. Nimemkalisha mezani tukiwa tumepeana migongo. Anadhani ndivyo ilivyokuwa siku zote.

Mama hapokei simu. Ameleta ujumbe mmoja tu: "Umefurahi?" Sijafurahi, Mama. Nanuka mwenyewe.

Mei 3

Mvua imekatika. Mjomba amekuja kuchukua vitu vyake: viatu vya mpira, kikombe, koti. Nilimshikia mdomo wa mfuko, akaweka kimoja kimoja bila haraka. Nikamwambia, "Shikamoo, Mjomba." Akasema, "Marahaba." Tulikuwa karibu kiasi cha kusikiana pumzi. Miaka miwili hakuuachia uso wangu hata kwa dakika moja, na leo hakunitazama kabisa.